Kiti cha Mwalimu Nimekikabidhi

Karakana ya makochi,
Nyuma ya nyumba,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Shemeji naye hajambo? Huku sote tunapumua. Watoto wanakua kwa kasi ya kutia hasira, viatu havidumu. Afya yangu mimi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ukianza kulia nami nasahau nilichotaka kusema.

Dada, Alhamisi naingia hospitali. Nakatwa tena.

Usiikunje barua kwanza. Unakumbuka upasuaji ule wa kwanza, walipoondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula wakaniachia mfuko mwembamba. Nilipungua mpaka mtaa ukaacha kuniita Bonge ukaanza kuniita Fito. Kisha kiungulia kikahamia kwangu bila kupiga hodi. Nikilala tu, asidi inapanda mpaka kooni. Vidonge vilisaidia mwanzoni, sasa ni kama peremende. Na uzito umerudi karibu wote, kwa sababu kinachotuliza ule moto kwa muda ni kula kidogo kidogo kutwa nzima. Cheo cha Bonge nimerudishiwa.

Unanijua na ufundi wangu. Nikainua kitanda upande wa kichwani kwa matofali. Kila asubuhi najikuta nimeporomoka miguuni pa mke wangu. Nikapigilia ubao wa kunizuia, ukavunjika. Ndipo nikatengeneza kiti. Mgongo umelala kiasi, sponji ngumu chini, laini shingoni. Kilikuwa oda ya mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wa pili, lakini nikawa nakilalia mimi, ati nakijaribu, na kila alipokuja kukiulizia nikamwambia gundi haijakauka. Gundi gani hiyo isiyokauka mwaka mzima? Siku moja akakikalia bila kuuliza, akazama kwenye shimo la mwili wangu mpaka tukamvuta mikono. Yeye alicheka. Mama watoto hakucheka.

Aliniambia, "Kama umeoa kiti, niambie. Kitanda kizima nalala peke yangu kama mgeni." Dada, iliniuma kuliko kiungulia.

Kesho yake nikarudi hospitali. Wakapitisha kamera mdomoni, wakaona njia ya chakula imeanza kuchubuka kule chini. Daktari wangu ni mama asiyejua kubembeleza. Amesema ikiachwa iendelee kuungua, huko mbele inaweza kuzaa saratani. Atatenga kijifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, akiunganishe na utumbo mdogo, ili asidi ikose njia ya kupanda. Amesema pia mara ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu ya makovu, na vitamini nitameza maisha yangu yote. Nilimuuliza kila kitu, hata yale niliyoogopa majibu yake.

Najua kwa nini kila nikigusia upasuaji unasema ningoje. Ni wewe uliyemsindikiza mama mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, ukarudi na nguo zake mkononi. Mimi nilikuwa mdogo, nikapewa biskuti ninyamaze. Naogopa, sikufichi. Lakini mama alipelekwa akiwa mahututi, hakuulizwa kitu. Mimi naenda kwa miguu yangu. Nimeshaanza mlo wao wa majimaji, supu iliyochujwa na maziwa, na sijaiba hata kipande cha mkate. Mshangae nyote.

Jana nimemkabidhi mwalimu kiti chake, kikiwa na sponji mpya. Kiliondoka kwa mkokoteni, nami nikasaidia kusukuma ili nisibadili mawazo. Mpaka Alhamisi nitasinzia kwenye kiti cha plastiki.

Kwa hiyo sikuombi ruhusa, dada yangu. Naomba dua zako. Na siku hiyo usimpigie mke wangu kumlilia. Mpigie umchekeshe, unaweza ukitaka.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote. Baba mdogo anakusalimu, na shangazi anasema umenyamaza mno. Mungu akutunze huko uliko, na atutunze sisi huku mpaka tukae tena meza moja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,
Bonge

N.B. Mama watoto ameisoma barua hii, akasema nimesahau jambo. Ameyatoa matofali chini ya kitanda na kuyatupa nje, na foronya ya upande wangu ameshaifua.