Ule Mluzi Mrefu wa Kurudi Zizini

Dada Nashipai, kapteni wangu,

Shikamoo. Cheka tu. Najua chuoni sikukuamkia hata mara moja, nikijifanya wewe ni saizi yangu kwa sababu tulilala kitanda kimoja, wewe juu na mimi chini. Leo nina adabu zangu. Nimekuwa mwalimu, na watoto wa Mikumi wanasimama nikiingia darasani na kuniimbia shikamoo mpaka dirisha linatikisika.

Simu yako haipatikani. Nimepiga mpaka yule mama wa kwenye mtandao tumezoeana. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, isomwe redioni, ibandikwe mnadani, na yeyote anayeswaga ng'ombe kuelekea kusini akikuona akusomee. Ninachotaka nakisema mapema, nisije nikapotea kwenye maneno: nataka urudi umalize chuo. Ulibakiza muhula mmoja tu, na unanijua, nikishika jambo siachii.

Unakikumbuka kiwanja chetu cha mpira wa kikapu? Kile cha saruji chenye ufa katikati, mpira ukidundia pale unakwenda kwa majirani. Kocha Mbega alikuwa na mbinu zake alizosoma mahali, kazipa majina ya Kiingereza, anasimama pembeni anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na sisi hatusikii kitu, tunagongana tu. Siku moja ukachoka. Ukaweka vidole mdomoni ukapiga mluzi, mfupi, mara mbili, na sote tukageuka.

"Huo ni wa kusogea pamoja," ukasema. "Ng'ombe wa mama wanaujua tangu wakiwa ndama."

Mwe! Mwenzetu Anjela alivyonuna, eti unatufanya mifugo. Wiki haikuisha, akawa wa kwanza kukimbia akiusikia.

Basi tukajifunza. Ule mfupi, kusanyikeni. Ule wa kupanda juu, nendeni majini, yaani kila mtu mbele kwenye kikapu chao. Na ule mrefu unaoshuka taratibu, rudini zizini, acheni kila kitu mkalinde kikapu chetu. Huo ndio ulionishinda. Nikichelewa kurudi ulikuwa unanisema mbele za watu, "Zuhura, ungekuwa ng'ombe wetu, tungeshakuuza." Nami nakujibu, "Na nani angeninunua, na huu mdomo?"

Halafu vita vikaja. Watu wa ofisini waliita mgogoro wa wakulima na wafugaji. Sisi tuliita vita, maana tulikuwa ndani yake. Mifugo iliingia kwenye mahindi yaliyokaribia kuvunwa, watu wakaitana kwa mayowe, na kilichofuata wewe na mimi tunakijua. Kaka yangu alivunjwa mkono kwa rungu. Ng'ombe wa mama yako walikatwa mapanga, wengine wana mimba. Bwaloni meza zikajigawa zenyewe, watoto wa jembe huku, watoto wa fimbo kule. Wapo walionifuata wakanishauri nihame kitanda, nitalalaje chini ya mfugaji. Nikawaambia nikihama nani atamwamsha asubuhi, maana analala kama gogo.

Jioni moja ulinikuta namlilia kaka. Ukakaa pembeni yangu, ukanisimulia ya ng'ombe wa mama, ukaanza kulia na wewe. Tukalia mpaka tukachoka. Kisha ukanifuta uso kwa shuka lako ukasema, "Haya, tumelia. Twende mazoezini." Nilikupenda sana siku ile, dada, na sikuwahi kukwambia.

Kocha alitaka tujitoe kwenye mashindano ya vyuo. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Wewe ndiye uliyesema tutacheza, ila kwa sharti: kabla ya kila mechi timu nzima tule sinia moja, na asiyetaka mkono wake ukutane na wa mwenzake kwenye ugali, akae benchi. Anjela alizungukazunguka, akatafuta sababu, akanawa mikono akaja kula. Hakukaa benchi mtu. Tukaenda Mikumi tukashinda, tukaenda Morogoro tukafungwa vibaya, tukarudi chuoni kwetu Kilosa kwa mechi ya mwisho.

Uwanja ulijaa siku ile. Baba yangu alitoka kijijini kwetu Zombo na wazee wenzake kwa pikipiki kuja kumtazama binti yao, na hasira za mkono wa kaka zilikuwa bado mbichi. Robo ya pili, wapinzani wakatupokonya mpira, ukapiga ule mrefu. Loo! Msimu ule, mluzi kama huo ukisikika maana yake ng'ombe wako shambani. Upande mzima wa wakulima ukasimama. Kina mama wakanyakua watoto, wanaume wakaokota fimbo, mwamuzi nusura ameze filimbi yake.

"Nani anaita ng'ombe hapa?" Na aliyekuwa mbele kabisa ni baba.

Ulisimama katikati ya kiwanja, hukurudi nyuma. Nikaenda nikasimama kati yenu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ng'ombe wako wapi?"

"Ndiye mimi, baba. Anatuita sisi, turudi kulinda."

Kisha bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga akaangua kicheko, "Haya mzee, ng'ombe wako huyo, mfunge kamba!" Uwanja mzima ukacheka naye, na fimbo zikarudi chini.

Wewe hukucheka. Ulikuja mpaka mbele ya baba, ukamwamkia, kisha ukainamisha kichwa kama mnavyofanya kwenu mbele ya mzee, ukangoja. Baba aliitikia marahaba, maana shikamoo ya mtoto haikataliwi. Lakini mkono wake haukuinuka. Akageuka akarudi kukaa, ukabaki umeinama mbele ya watu wote. Nilikuona ulivyojiinua polepole ukaenda kuchukua nafasi yako.

Na mechi yenyewe, jamani, tuliipoteza kijinga. Watoto waliojaa ukutani walikuwa wameshaikariri miluzi yote. Dakika za mwisho mpira uko mikononi mwako, kikapu kile pale, na wao wakapiga ule mrefu vizuri kuliko wewe. Sote tukarudi zizini! Hata mimi, siku hiyo ndiyo nilirudi haraka kuliko wote. Tulikuacha peke yako katikati ya maadui, wakakupokonya, wakaenda kufunga. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Aliyelia ni Kocha.

Siku chache baadaye mkahamia kusini. Mama yako asingeweza kuwaswaga peke yake ng'ombe waliobaki. Uliniachia raba zako, ukasema zikae chini ya kitanda, utazirudia. Bado zipo. Nimehama nazo kote nilikohamia, na majirani wa Mikumi wananiuliza ni za mume gani, kwa ukubwa ule.

Sasa nisikilize. Huku kumetulia. Sikudanganyi kwamba tumekuwa malaika, kila kiangazi bado roho zinakuwa juu. Lakini njia ya mifugo imewekewa mipaka, lambo la kunyweshea limechimbwa, na baba yumo kwenye kamati ya maridhiano. Ndiyo, baba huyohuyo. Wanakaa na wazee wa kwenu waliobaki, wanabishana mpaka chai inapoa, kesho wanakaa tena. Majuzi kikao kilikuwa kwenye boma la mmoja wao, na baba akawaona watoto wakija kuamkia. Kila mmoja anainamisha kichwa, na mzee anamwekea mkono utosini.

Akanipigia simu palepale. Hata salamu hakungoja.

"Yule kapteni wako, siku ile alikuwa anangoja mkono?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, ukakataa."

Nikamsikia akiwaomba wenzake radhi, akisogea pembeni.

"Sikujua. Nilidhani ameona aibu." Sauti ikamkatika. "Nimemwacha mtoto wa watu ameinama."

Baba yangu, dada. Yule ambaye hata kaka alipovunjwa mkono hakutoa chozi. Nilizima simu nikalia mimi badala yake, kisha nikanawa uso nikapanda basi kwenda Kilosa. Nimeingia chuoni mwenyewe, nimeuliza mwenyewe. Nafasi yako ipo, muhula ujao unaingia darasani. Likizo utakuja kwetu Zombo. Kaka amesema atakuachia chumba chake. Mkono wake umepona siku nyingi, ila akiambiwa achote maji unamuuma tena.

Nimeanzisha timu hapa shuleni. Wasichana wangu wanajua miluzi yote mitatu, lakini naipiga vibaya, wananicheka. Wanahitaji mwenyewe aje awafundishe, nami nimeshawaahidi, kwa hiyo ukinikatalia umeniaibisha.

Na baba ana salamu zake, nazileta kama alivyozitoa. Anasema usije ukaingia kimyakimya kama mgeni. Ukifika njia panda, kabla ya mashamba, upige ule mrefu. Nilimkumbusha kwamba kijiji kizima kitashtuka. Akasema wacha washtuke, atawatangulia.

Rudi, dada yangu. Ukipiga, utamwona mzee anatoka na hana fimbo. Inamisha kichwa tu. Safari hii mkono upo.

Nakungoja, mimi mdogo wako, ng'ombe wako mbishi uliyeshindwa kumuuza,

Zuhura