Neno Lililomhamisha Baba

Utrecht, Novemba 1978

Kaka yangu Marinus,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kanada, pamoja na wifi na watoto. Mimi mwili hauna neno, mengine utayasoma.

Baba anaishi kwangu. Usicheke. Unajua tangu Mama afariki tulivyombembeleza aihame ile nyumba yenye unyevu pale Vlissingen, naye akisema atatoka humo ndani ya jeneza. Basi siku yake ya kuzaliwa tuliketi duara kama kawaida, kahawa magotini, kila mtu akimpongeza kila mtu, hakuna pa kupenya kuufikia mlango. Baba mdogo Krijn akaichokoza makala yangu ya gazetini: eti kitenzi chetu piekeren, kuwaza jambo mpaka usingizi ukimbie, ni cha Wamalayu! Akauliza kama hata wasiwasi tuliupora kwenye makoloni yetu ya Mashariki. Nikamjibu ndiyo, ila pilipili tuliilipia kidogo.

Baba akagonga meza. Akasema hilo ni neno la wavuvi wa kwetu Zeeland, la babu zake, na nikithibitisha vinginevyo atahamia kwangu.

Mwenye akili angenyamaza. Nina vyumba viwili tu! Lakini unanijua, siwezi kuuacha upuuzi upite. Nikaeleza jinsi watu wetu walivyolichukua pikir kwa Wamalayu, waliolipata kwa Waarabu, fikr, kisha wakalivika mkia wa Kiholanzi. Baba akasema, kwa upole wa kutisha, "Haya binti, umeshinda. Nifungie mizigo."

Sasa amekitwaa chumba changu cha kuandikia. Nakuandikia jikoni, nimejifungia, redio yake inanguruma nyuma ya ukuta.

Lakini sikiliza. Unakumbuka alivyoapa kwamba safari zote za Batavia, huko kwa Wamalayu, alikuwa chini melini akichochea makaa, hakuokota hata neno moja la huko? Jana nilimsikia akimkanya paka wangu: "Pikir dulu!" Fikiri kwanza, kwa Kimalayu safi. Alijua, Marinus. Alitaka kuja, akashindwa kuomba, akanitega kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikimwambia nimejua, kwa aibu atarudi siku hiyohiyo kwenye ule unyevu, na kile kikohozi chake. Kwa hiyo nimenyamaza, mimi! Nawe ukimwandikia, tafadhali mpe pole kwa kushindwa.

Wifi na watoto wapate salamu zangu. Baba anakusalimu kwa sauti, kupitia ukuta.

Dada yako,
Jacomina