Mlango Nilioupita

Temeke, Jumapili jioni

Maneno ya Bi Zena bado yananichoma. Wiki nzima nimepita nyumba kwa nyumba kuomba michango ya kisima cha mtaa, maana bomani kila siku wanatuambia tusubiri. Kwake sikupiga hodi. Mumewe kafariki mwezi uliopita, yuko edani, nikaona ni adabu kumpita.

Leo kaniita, akasema nami akiwa nyuma ya mlango. “Mwalimu, niko edani, siko kaburini. Kisima ni cha wote, mbona mimi hukuniomba?”

Binti yake akanitolea kamba mpya ya katani, ndefu kweli.

Naogopa tutachimba tusiyaone maji. Lakini kamba tunayo, na imetoka kwenye mlango nilioupita.