Shira ya Jalebi Siku ya Karva

Jumanne, 11 Oktoba 2022
Daktari ametukatalia mfungo. Sukari ya mke wangu Sudesh imefika mia tatu na kumi, vidonge vinataka chakula, na keshokutwa ndiyo Karva, siku wake wanapofunga ili waume zao waishi. Nikamwambia, basi mwaka huu kula. Akawa anakanda unga tu. Baadaye akasema, kama anauambia ule unga, miaka ishirini na sita hajaacha kunifungia hata mara moja. Mama yake aliacha mwaka mmoja, kwa homa — na baba yake hakuimaliza baridi ile.
Nikamwambia mimi sifi ovyo. Fahali wa Jind alinipiga pembe, ikavunjika pembe! Hakucheka. Anasema atafunga, na vidonge vikae.

Jumatano, 12 Oktoba
Nimetoka hekaluni. Kuhani anasema mke akiugua, mume anaweza kumshikia mfungo wake, mnyororo haukatiki. Ila asile wala asinywe hata tone, alfajiri mpaka mwezi uonekane. Nikarudi kifua mbele. Mimi Rambhaj, mpishi wa jalebi anayejulikana Kaithal yote, niliyekula ladu mia kwenye harusi ya dada yangu (haya, sitini), nitafunga!
Mama akasema huyu hata mlango hajui kuufunga.
Sudesh alinitazama sana. "Baba Mukesh, hii isije ikawa hadithi zako."
Nikamshika mkono, kumbe hina yake mbichi. Sasa nami nina hina kiganjani. Dukani watanicheka!

Alhamisi, 13 Oktoba, asubuhi
Chakula cha alfajiri mama mkwe humpa mke wa mwanawe. Leo Mama ameniwekea mimi sinia. "Kula, mke wa mwanangu." Parata sita za samli.
Saa mbili Sudesh kameza kidonge, kala chapati mbele yangu. Polepole, kama anaiiba. Lakini kala!

Alhamisi, saa nane mchana
Dukani. Wateja kama siafu, kila nyumba inataka vitamu vya usiku. Koo limekuwa gunia. Tangu asubuhi niko juu ya karai, sijaonja kitu. Shujaa!
Halafu — nikachota shira, nikaivuta kati ya vidole nione kama imeiva, uzi mmoja, safi. Na kidole kikaenda mdomoni. Chenyewe! Miaka thelathini ndiyo njia yake. Utamu ulipofika kooni ndipo nikakumbuka. Nikatema. Lakini shira haitemeki yote.
Hakuna aliyeona. Sudesh ameshakula kwa kuniamini. Nikisema, mnyororo umekatika, atangoja msiba baridi nzima, na mwakani hatashika kidonge. Nisiposema — mimi ndiye mwongo wa mtaa huu, uongo mmoja zaidi una uzito gani?
Huu una uzito. Sijui kwa nini.

Alhamisi, usiku, juu ya paa
Mawingu. Wanawake wa mtaa mzima wako juu ya mapaa, wamevaa nyekundu, wanaangalia juu. Naandika nyuma ya boksi la ladu, maana daftari liko chini. Taa imezimwa na upepo, Sudesh ameshuka kuiwasha.
Kabla hajashuka aliniuliza kama nina kiu. Nikasema kiu gani, mimi niliendesha lori siku nne jangwani Rajasthan bila maji, ngamia wakaja kuniomba ushauri. Akacheka! Tangu Jumanne hajacheka. Akasema mwaka jana zilikuwa siku tatu.
Kisha akanisogelea, akanipangusa sharubu kwa ncha ya sari. Ikanata. Akapangusa tena. Akaisogeza ile ncha puani, akainusa. Nikafungua mdomo, nimwambie.
"Vumbi," akasema. "Barabara ya dukani ina vumbi sana."
Akaikunja ncha ndani kwa ndani, akaichomeka kiunoni.
Mwanamke huyu hajawahi kunidanganya hata bei ya vitunguu.
Upande wa stesheni wameanza kupiga kelele, wingu linapasuka. Nasikia bangili zake kwenye ngazi — anapanda na taa, chekecheke la kuutazamia mwezi, na kimtungi cha udongo chenye maji. Kila mwaka mimi ndiye humnywesha maji ya kufungulia; mwaka huu ni yeye wa kuninywesha. Koo limekauka kabisa, lakini kuna neno lazima litoke kabla maji hayajaingia, na mara hii silitilii chumvi, ni kidole tu, tone moja la shira —