Hinda na Mashahidi Wake

Frumet, uko?

Hinda katoka hapa sasa hivi. HINDA! Yule aliyemzushia mwanangu Gitel kwamba ana kifafa, mpaka uchumba ukavunjika.

Eti kaja kuniomba msamaha kabla Yom Kippur, siku ya mfungo na toba, haijaingia. Mara ya tatu hii, na leo kaja na mashahidi! Wanawake watatu wamejipanga sebuleni kwangu kama baraza la kesi.

Nikamwambia, "Nenda kwa wale wakwe ukaseme ulidanganya, ndipo nikusamehe."

Unajua kanijibu nini? "Mama Gitel, nimeshakuomba mara tatu, kama sheria ya dini inavyotaka. Ukikataa, dhambi sasa ni yako."

Dhambi ni YANGU, Frumet! Kisha akawageukia wenzake: "Mmesikia, eeh?"



Muda wote huo Gitel alikuwa anawakatia keki ya asali. Akampa Hinda kipande, akamwuliza taratibu, "Bi Hinda, kwa mama umekuja mara tatu. Kwangu utakuja lini?"

Mashahidi wakainamisha macho. Hinda akatazama saa. "Mwanangu, mfungo umekaribia," akasema, akaondoka na keki yake.