Aliyenipeleka Hospitali Siku Ile

Kaka yangu uliyeko Mutsamudu,

Mwanao amenieleza ulivyosimulia kwenye harusi ya jirani yako: kwamba nilipougua Moroni, wewe ndiye uliyenipeleka hospitali. Watu wakakusifu. Sikuwapo kukukatiza, kwa hiyo nakuandikia, na waliokusifu nao wasome.

Unakumbuka tulivyoishi wawili, katika chumba kile nyuma ya soko la Volo Volo? Mimi nilikuwa mwanafunzi. Wewe uliwaendeshea gari wale mamluki walioishika nchi. Ufizi wangu wa nyuma ulivimba, likafuata koo. Siku ya tatu sikuweza kumeza hata mate, nikawa nayatema kwenye kopo. Taya halikufunguka. Nikakuandikia kwenye daftari: "Nipeleke hospitali." Gari lilikuwa mlangoni.

"Gari si langu," ukasema. "Bwana mkubwa hapendi kuombwaombwa. Sukutua kwa maji ya chumvi."

Ukaondoka kumpeleka huyo bwana kuogelea.

Aliyenipeleka ni Bi Mariama, yule muuza ndizi wa Ntsudjini. Alikuja kuuliza kwa nini sijapita kwenye meza yake siku mbili. Aliponiona, hakurudi sokoni. Alinishika kiuno, tukaenda kwa miguu juani. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alidai karatasi yangu ya kupita.

"Karatasi yake ni huo mdomo," Bi Mariama akamjibu. "Mtazame."

Askari aliinama, harufu ya usaha ikampiga, akageuza uso na kutupisha.

Daktari alinipasua ufizi, akanidunga sindano ya koo. Akamwambia Bi Mariama, "Ungemleta kesho, asingekuwa anapumua."

Wewe ulikuja jioni na biskuti za Ulaya. Biskuti, kaka, na mimi hata maji hayapiti. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na mjini pale sikuwa na mtu mwingine ila wewe.

Woga wako nauelewa. Nani hakuwaogopa watu wale? Ndiyo maana nilinyamaza miaka yote hii, nisikuaibishe. Lakini sasa umemnyang'anya yule mama safari yake ukaifanya yako, naye hukuwahi kumwendea hata kumwambia asante. Ameshafariki. Binti zake wapo Ntsudjini.

Panda ndege uje. Nitakupeleka kwao mimi mwenyewe, nikae nikusikilize ukiisimulia upya, kwa jina la mama yao. Usipokuja, usimwambie mtu tena kwamba una dada Moroni.

Mdogo wako