Mguu Haujapona, na Nimewaambia Umepona

Bi Fidelia mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye dawati la nyuma la darasa langu hapa Makambako, watoto wameshakwenda nyumbani, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya tarehe nane Julai, kwa sababu nimejifunga kwenye uongo na kila siku naukaza mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka thelathini na sita, mume wangu Yonathani ni fundi magari, tuna watoto watatu, na nilizaliwa karibu na Njombe mjini, nyumba ya Walutheri watupu, ambako tangu utoto nilikuwa nikikimbia, na hata baada ya kuzaa sikuacha, ingawa mwili wangu ni mkubwa na haujawahi kuwa mdogo. Asubuhi nikipita na suruali yangu ya mazoezi wapo wanaonisalimu "Kamwene mwalimu" na wapo wanaouliza nani ananifukuza, nami nilishazoea, maana kwa mwili huo huo niliwahi kukimbia kilometa kumi kwa dakika hamsini na mbili na kuwaacha wembamba wengi nyuma.

Huku kila mwaka kuna mbio za kupokezana kijiti kutoka Makambako hadi Njombe, timu ya watu sita, kila mmoja kilometa zisizopungua tisa. Zamani ziliandaliwa na shirika la umma, shirika likafungwa, sasa wafanyabiashara na wenye malori wa hapa ndio wanaoziendesha, na zimekuwa kubwa kuliko zamani. Mwaka jana nilipewa kipande cha nne, chenye mlima mrefu. Wiki mbili kabla ya mbio nilikuwa nikisikia maumivu kwenye muundi wa kushoto, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba, nikanyamaza, na siku ya mbio katikati ya mlima mfupa ukakatika, nikakaa pembeni mwa lami nimeshika kijiti mkononi. Mbele yangu alikuwa ananisubiri Somoe, anayeuza vitenge sokoni, akasimama kwenye baridi ile ya Julai zaidi ya saa nzima na fulana ya mbio tu, hajui kilichonipata, mpaka dereva wa lori lililopita alipomwambia.

Nilifungwa hogo la plasta wiki nane, nikakaa, nikala, nikatoka kilo sabini na nne nikafika themanini na saba. Hospitali waliniambia nirudi mwezi wa pili wapige picha nyingine kabla sijaanza mbio. Sikurudi. Nilijisikia mzima, nikaanza kukimbia polepole kwenye nyasi za uwanja wa shule, dakika kumi, kumi na tano, na mwezi wa tano nilikuwa namaliza nusu saa bila maumivu, Bi Fidelia, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nikaenda mwenyewe kwa Fahadi, nahodha wetu, mwenye malori mawili ya mizigo, nikamwambia daktari ameniruhusu na nataka kipande changu kile kile.

Fahadi alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini gari likizidiwa mzigo mlima halipandi. Punguza, kimbia kilometa kumi kwa dakika hamsini na tano, kipande ni chako."

Tangu siku hiyo nimekuwa kama mwenye wazimu. Nakimbia kwa kasi kila siku, sipumziki hata Jumapili, nimehamia kwenye lami kwa sababu mbio ni za lami, na nakula mara moja tu, chai isiyo na sukari asubuhi na jioni tonge mbili tatu. Yonathani akiniuliza mbona sahani imebaki namwambia nimekula shuleni, shuleni nikiulizwa nasema nimekula nyumbani. Juzi nilishika ubao nisianguke mbele ya darasa la nne.

Na sasa muundi unauma tena. Pale pale. Nikipabonyeza naruka.

Lakini kinachoninyima raha ni jambo la Shamimu. Ni binti wa miaka ishirini na mbili, anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga, anakimbia vizuri sana na ndiye mchezaji wa akiba. Wiki iliyopita alikuja nyumbani akasimama mlangoni kwa adabu, akasema, "Dada Ema, nasikia watu wanasema unachechemea. Kama mguu haujapona, mimi niko tayari, wala sitasema kitu."

Nikamjibu kwa ukali, "Nani anachechemea? Daktari ameniruhusu. Kama unaitaka nafasi yangu sema."

Akasema, "Alhamdulillahi, kama umepona basi nitakuombea," akaenda zake.

Nikijitoa sasa, watasema tulijua, lile jimama lingeweza wapi. Nisipojitoa, Somoe atasimama tena mbele ya ule mlima. Usiku naomba Mungu maumivu yaondoke, asubuhi nabonyeza, yapo. Nifanye nini?

Ni mimi, Ema, Makambako.

*

Ema,

Barua yako ilinifikia Jumanne, siku nne kabla ya mbio, na gazeti hili hutoka Jumapili tu. Sikuwa na muda wa kukubembeleza. Nilikwenda posta nikakupigia telegramu shuleni kwako: USIKIMBIE. MWAMBIE NAHODHA LEO. NENDA HOSPITALI. Najua uliipata, kwa sababu barua yako ya pili ninayo hapa mezani, na wasomaji watanisamehe nikiwaeleza kilichotokea kabla sijakugombeza.

Siku ya Jumatano ulikwenda kwa Fahadi ukamwambia mguu unauma na kwamba daktari hajakuona tangu ufunguliwe hogo. Hakukutukana. Aliuliza, "Sasa tungekuokota barabarani tena, mwalimu?" kisha akatuma mtu kumwita Shamimu. Alhamisi ulipigwa picha, ukaonyeshwa ufa mpya unaoanza kando ya ule wa zamani. Jumamosi, badala ya kujificha nyumbani, ulipanda gari la timu ukaenda kusimama na Somoe, ukamshikia sweta lake mpaka Shamimu alipotokea kwenye mlima na kijiti. Timu ikawa ya nne kati ya tisa. Na Somoe, kabla ya kukipokea, alikwambia neno ambalo nimelisoma mara nyingi: "Mwaka jana sikukukasirikia kwa kuvunjika. Nilikukasirikia nilipojua kwamba ulikuwa unaumwa na hukutuambia."

Hapo ulifanya vizuri na nakupongeza. Sasa nisikilize.

Kwanza hilo la mwili. Mtu mwenye kilo themanini na saba anaweza kukimbia, na anaweza kukimbia kwa kasi. Wewe mwenyewe umewahi kuwaacha wembamba. Fahadi anajua malori, hajui mifupa. Lakini kila hatua mfupa wako unapokea uzito mkubwa kuliko wa Shamimu, kwa hiyo unahitaji siku nyingi zaidi za kujijenga, na wewe uliupa chache zaidi. Ukaunyima na chakula! Mwalimu mzima, unayewafundisha watoto faida za maziwa na maharage, unataka mfupa uliovunjika uungane kwa chai kavu? Nimemwonyesha barua yako Bwana Kasimiri, mtaalamu wa viungo ambaye naye alikuwa mkimbiaji, akatikisa kichwa. Anasema hukuumizwa na unene. Ulitoka mwendo wa polepole ukaingia kwenye kasi ya kila siku, juu ya lami, na njaa juu yake. Hata mwembamba angevunjika.

Kwa hiyo hutakimbia hata hatua moja mpaka daktari wako aseme, na safari hii aseme kweli. Unakula mara tatu, dagaa, njegere, maziwa ukiyapata, na ukipungua utapungua taratibu ukiwa na nguvu zako. Ukiruhusiwa, anza kwa kutembea, nusu saa bila maumivu, wiki mbili nzima. Kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, kwenye nyasi zako zile za uwanjani, siku tatu kwa wiki na kamwe si siku mbili mfululizo. Ongeza dakika kwanza. Kasi iache ije mwisho kabisa: ukishaweza kukimbia dakika arobaini huku unaongea na mwenzako, ukaziweza wiki nne bila kusikia kitu, ndipo siku moja tu katika wiki ukimbie haraka dakika moja mara tano au sita, ukitembea katikati ili upumue. Siku zilizobaki nenda pole, hata watoto wakikupita. Na kila jioni simama kwenye ngazi uinuke kwa vidole vya miguu, taratibu, mara kumi na tano, ili nyama za nyuma ya mguu zikusaidie kubeba. Maumivu yakirudi mahali pamoja, pa kidole, unasimama siku hiyo hiyo na unamwambia mtu. Haijalishi mbio ni kesho. Kasimiri anakisia ni mwezi wa tatu mwakani ndipo utaanza kuongeza kasi. Ni mbali, najua. Mwaka huu ulijaribu njia ya mkato na umeona ilikofika.

Yonathani mwambie habari za chakula. Mume anayeuliza mbona sahani imebaki anastahili jibu la kweli.

Lakini kuna kitu nimekitafuta kwenye barua yako ya pili, nikageuza karatasi nyuma, sikukiona. Umempa Shamimu nafasi. Hujamwambia kwamba siku ile mlangoni ulimdanganya. Yeye bado anafikiri mguu ulikuwa umepona ukaja kuumia baadaye, na kwamba alikukosea kwa kuuliza. Umeandika kuwa baada ya mbio alikuja kukuomba radhi, nawe ukamwambia yamekwisha!

Hayajakwisha, Ema. Kesho ukitoka shule pitia kwenye mashine ya kusaga. Usimwite nyumbani kwako, nenda wewe. Subiri amalize kumpimia mteja. Mwambie, "Sikuwa nimekwenda kwa daktari. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa utanishinda." Usiongeze habari za mguu wala za Fahadi wala za watu wanaocheka barabarani. Sema hayo tu, kisha unyamaze, umwachie yeye aseme.

Bi Fidelia